Bwawa la Chagaik na Ardhi Iliyo Chini Yake

Msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, ukungu hulala juu ya majani ya chai ya Kericho asubuhi nzima, na karibu kila alasiri mvua hunyesha. Hata hivyo wapenzi na maharusi hawakosekani. Wanatoka Kisumu, Nakuru au Nairobi, wanajifunga masweta, wanapiga picha katikati ya michai, kisha wenye muda wanapitia bwawa la Chagaik, kama kilomita 8 mashariki ya mji, kando ya barabara ya Nakuru. Pale maji yamefunikwa na yungiyungi, mianzi imesongamana ukingoni, na nyasi zinateremka polepole kati ya miti iliyokusanywa kutoka nchi nyingi za joto. Ukiwauliza wamefuata nini, watakwambia wamekuja kuona uzuri wa asili. Ninachodai hapa ni kwamba uzuri huo ulitengenezwa: ulihitaji sheria, jembe na kuhamishwa kwa watu, na hata starehe yenyewe ya kwenda huko kutwa na kurudi jioni ilianza kama haki ya wachache. Anayelipenda Chagaik ana sababu zaidi ya wengine wote ya kuijua historia hiyo.

Tuanze na kile ambacho jicho linakiona. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet haina ziwa la asili la kutajika. Ina mito inayoshuka kutoka msitu wa Mau: Kiptiget, Itare, Kipsonoi, Nyangores. Maji yaliyotulia ni mabwawa, na Chagaik ni mojawapo; bustani yake ya miti ilianzishwa baada ya Vita Vikuu vya Pili na Grumbley, mkulima wa chai aliyestaafu kutoka Malaya. Mikaratusi mirefu inayozunguka mashamba asili yake ni Australia, na ilipandwa ili kuni zake zikaushe chai viwandani. Hata samaki wa trauti waliovuliwa na wageni katika mto Kiptiget ni uzao wa kigeni. Trauti wa kwanza waliletwa nchini mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakamiminwa katika mto Gura, upande wa Aberdare. Chai nayo ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru. Inama kidogo chini ya ule usawa wa kijani kibichi unaopendeza katika picha, utaona shina nene, la kijivu, lililojaa makovu ya panga. Mchai ni mti. Ukiachwa utapanda juu kupita nyumba. Umekaa kimo cha kiuno kwa sababu kila baada ya miaka michache hukatwa, na kila baada ya wiki moja au mbili vidole vya mtu, na siku hizi mashine pia, huondoa majani mawili na chipukizi. Zulia hilo likikosa wafanyakazi kwa miaka michache tu, litageuka kichaka.

Na ardhi yenyewe ilipatikanaje? Mwaka 1905 jeshi la serikali ya kikoloni liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, ambako leo ni kaunti ya Bomet, likachukua mifugo na kuua watu wengi. Muda si mrefu baadaye walowezi wakaanza kugawiwa mashamba huko. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu ya ekari za Kericho zilitolewa kwa mradi ulioitwa BEADOC, uliokusudiwa kuwapa makazi maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na mradi ukafa. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kurekebisha mambo: waliopewa ardhi wameshindwa kuitumia, wenyewe wapo jirani wakitazama. Haikurudishwa. Ilipita mikononi mwa makampuni ya chai, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakawa wameingia Kericho. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa kuwa unaonyesha kwamba kilichohesabiwa ni umiliki wenyewe. Zao lilikuwa jambo la pili.

Watu wa ukoo wa Talai, walikotoka orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, walilipa zaidi ya wengine. Baadhi ya wakuu wao walihamishwa mwaka 1914. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai wote, na watu wapatao 700, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Huko kulikuwa na joto, mbu na mbung'o, na watu wa nyanda za juu hawakuwa na kinga ya malaria wala mifugo yao ya malale. Wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Basi miaka michache kabla ya bustani ya Chagaik kupandwa, kulikuwa na safari nyingine kutoka Kericho, ya kwenda ziwani, ya familia nzima nzima, chini ya ulinzi.

Starehe nayo ilifuata mkondo huo huo. Kuanzia 1920 mwanamume wa Kiafrika aliyetoka nje ya eneo alilotengewa alilazimika kubeba kipande, na mkaguzi alitaka kujua ni nani aliyemwajiri. Kutembea kwa ajili ya kutembea tu lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Wakati huo huo walowezi walijijengea klabu na uwanja wa gofu, na miaka ya 1950 Brooke Bond ikajenga Tea Hotel, yenye bustani zinazotazama michai. Baridi ya Kericho, iliyomfanya mchumaji aingie shambani alfajiri na kulowa hadi kiunoni, ndiyo hiyo hiyo iliyomkumbusha mgeni kwao, akawasha moto na kuagiza chai. Matembezi ya leo ni mrithi wa starehe hiyo, na ni jambo jema kwamba mrithi ni Mkenya yeyote mwenye nauli.

Kuna watakaosema ardhi hiyo ilikuwa tupu. Wakoloni walisema hivyo. Waliiona kama ukanda wa kuwatenganisha Wakipsigis na Wagusii, na wakaweka Wazungu katikati. Lakini kwa mfugaji, malisho yasiyo na ng'ombe mwezi huu ni akiba ya mwezi ujao, na machimbo ya chumvi ambako mifugo ilipelekwa kulamba hayahitaji nyumba kando yake ili yawe na mwenyewe. Hoja ya pili ni nzito zaidi: chai imeleta ajira, barabara, shule na hospitali, na kupitia KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo lililoundwa 1964, mkulima mdogo wa Litein, Kapkoros au Mogogosiek ana michai yake mwenyewe na anangoja bonasi yake. Ni kweli, na sioni sababu ya kuipunguza. Ila mafanikio ya mkulima mdogo yanaikata hoja hiyo miguu: yanathibitisha kwamba chai ingeweza kustawi mikononi mwa wenyeji tangu mwanzo, bila mtu kupelekwa Gwassi.

Wengine wataniuliza kwa nini niwaharibie vijana siku yao ya mapumziko kwa habari za babu zao. Swali hilo linastahili jibu la kweli. Historia isiyosimuliwa vizuri haipotei; hupata wasimulizi wabaya. Mashamba makubwa yalijengwa pia na jasho la Wagusii, Waluo na Waluhya walioletwa kuchuma, wakaishi kambini vizazi kwa vizazi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wao walishambuliwa na kufukuzwa kana kwamba wao ndio walioinyakua ardhi. Mtu aliyeelewa BEADOC ni nini na sheria ya 1934 ilisema nini hawezi kumlaumu mchumaji kutoka Kisii. Kutojua huku kunaua watu, na kijana anayeijua habari hii bado anaweza kuketi na mpenziwe kando ya yungiyungi akafurahi.

Tena jambo lenyewe halijaisha. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa, na mwaka 2022 walalamikaji waliifikisha Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2023 mashamba ya chai ya Finlay nchini yalinunuliwa na Browns ya Sri Lanka. Jina limebadilika, michai iko pale pale. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zinazotangaza mandhari hii kwa watalii zina wajibu wa kuweka historia yake pale pale palipo na lango, kwa Kiswahili na Kikipsigis, ikiwa na miaka na majina ya koo. Na mgeni anayekwenda Chagaik Julai hii aulize historia hiyo, na aulize pia mkataba wa ardhi hii unaisha lini. Katiba ya 2010 ilikata mikataba ya miaka 999 ya wasio raia ikawa ya miaka 99. Ukihesabu kutoka siku Katiba ilipoanza kutumika, muda huo unakwisha mwaka 2109.