Kodi za gita na mzee wa Ngaramtoni

Leo nazungumzia kodi za gita, si zile za TRA.

Jumapili nilikwenda Ngaramtoni kwa mzee mmoja, jirani ya shangazi. Nikamwamkia, nikachukua gita lake, nikawasha programu ya kodi kwenye simu. Uzi wa nne ukaleta rangi nyekundu: simu ilitaka D, mzee alikuwa ameukaza hadi F. Nikaanza kuulegeza.

“Acha, kijana. Huo sikukosea.”

Akapiga kwa gumba na kidole cha shahada, mtindo wa Katanga aliojifunza kwenye santuri. Ndio uliompa jina Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi.

Baadaye niliiambia programu kwamba uzi wa nne ni F. Vidole vilevile vya kodi ya G sasa vikasomeka G7. Kumbe simu hujua kile tu ilichoambiwa. Tusipowauliza wazee walivyotyuni, tutawasahihisha mpaka tuwafute.