Mkokoteni: Jinsi ya Kukagua na Kutengeneza Fremu Mwenyewe Kabla ya Mavuno

Mvua zinapokatika na mahindi kuanza kukauka shambani, mikokoteni iliyolala chini ya mti tangu mwaka jana hutolewa tena. Kuanzia Dongobesh na Haydom hadi Basotu na Endasak, ndiyo inayotoa mazao shambani na kuleta maji nyumbani. Usiku, gari lisipofika, ndiyo inayompeleka mgonjwa barabarani. Hata hivyo wengi wetu huukagua mkokoteni siku ileile ya kufunga punda, na tunachoangalia ni upepo wa matairi tu.

Mimi nilijifunza nikiwa darasa la sita. Tulikuwa tunashuka mlima na magunia saba ya mahindi, mti wa kuvutia ukakatika pale unapoungana na fremu. Mzigo ulisukuma mkokoteni mbele, punda mmoja akavunjika mguu, na kaka yangu aliyekuwa ameshika kamba mbele alilazwa wiki tatu. Tulipoutazama ule mti baadaye, ndani ulikuwa mweusi na laini kama ugoro. Nje ulikuwa unang'aa, kwa sababu tulikuwa tumeupaka rangi wiki mbili kabla.

Makala haya yanaeleza namna ya kuona ubovu uliojificha, kazi unazoweza kufanya mwenyewe nyumbani, na kazi ambazo lazima umpe fundi. Mengi yanafaa pia kwa tela la trekta na la pawatila.

Mkokoteni hufa kwenye viungo

Uzito wa magunia hukaa kwenye mbao za sakafu. Mbao huukabidhi kwa fremu, fremu kwa ekseli, ekseli kwa magurudumu. Nguvu ya wanyama nayo hutoka kwenye nira, hupita kwenye mti wa kuvutia na kuingia kwenye fremu. Kila mahali kitu kimoja kinapokabidhi kingine ndipo panapovunjika: mti na fremu, fremu na ekseli, nguzo za pembeni na sakafu.

Hapo ndipo pia maji hujificha. Mvua ikinyesha, ubao ulio wazi hukauka kwa jua la siku moja. Maji yaliyoingia kati ya ubao na chuma, au ndani ya tundu la boliti, hukaa wiki nzima. Magari ya kulala ndani ambayo baadhi ya watalii husafiri nayo, pamoja na gharama yake kubwa, huharibika kwa njia hiyohiyo: maji hupenya kwenye kiungo, na mwenye gari hugundua ukuta ukishaoza.

Kwetu kuna vitu vingine vinavyoharakisha kutu. Samadi na mbolea ya dukani hushika unyevu na zina chumvi zinazokula chuma. Anayebeba chumvi au magadi anajua zaidi. Ukishusha mzigo wa namna hiyo, fagia na uoshe mkokoteni siku hiyohiyo, kisha uuache mahali penye upepo ukauke.

Ukaguzi wa nusu saa

Toa mzigo wote. Inua mkokoteni kwa jeki, kisha uuketishe juu ya magogo imara au mawe mapana. Usiingie chini yake ukiwa umeshikiliwa na jeki peke yake. Osha matope yote, maana ufa hauonekani chini ya matope.

1. Chukua bisibisi au msumari mnene, uchome mbao na mti wa kuvutia, hasa kuzunguka boliti na kwenye ncha. Mbao nzima hukataa. Ikizama kirahisi, imeoza, hata kama rangi ni nzuri.
2. Gonga chuma kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito iliyokufa, na magamba huanguka.
3. Tafuta mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, hasa kando ya mahali palipochomelewa. Mara nyingi huo ni ufa ambao maji yameanza kutoka.
4. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe pia, likikwaruza, beringi inahitaji kufunguliwa.
5. Pima unyoofu. Chukua waya au kamba isiyovutika. Pima kutoka ncha ya mti wa kuvutia hadi mwisho wa ekseli upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Vipimo vikitofautiana, mti au ekseli imekwenda upande. Mkokoteni huo huvuta kombo, matairi huisha upande mmoja, na mnyama mmoja hupata vidonda vya nira kila msimu bila mwenyewe kujua sababu.

Weka alama ya chaki kila penye kasoro. Ukimaliza, alama hizo zitakuonyesha kama una kazi ya siku moja au ya wiki.

Mbao zilizooza

Hii ni kazi yako mwenyewe. Ondoa ubao wote uliooza, si kipande tu, kwa sababu uozo husafiri ndani kupita pale unapouona. Tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri. Mbao mbichi itasinyaa, na boliti zitalegea katikati ya mavuno.

Kabla ya kufunga, paka rangi au oili chafu kwenye ncha zilizokatwa na ndani ya matundu, kwani hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi. Mwenye kubeba nafaka isiyofungwa kwenye magunia asipake oili chafu sehemu ya juu ya sakafu. Acha nafasi ya nusu sentimita kati ya ubao na ubao ili maji yashuke. Funga kwa boliti zenye washa pana. Misumari hulegezwa na mtikisiko.

Kutu

Kwangua kwa brashi ya waya hadi uone chuma chenyewe. Kama chuma bado ni kinene na kigumu, maliza kwa msasa, futa vumbi, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikauke, kisha paka rangi ya juu. Fanya hivyo siku ya jua.

Kama bisibisi inatoboa, au ukingo wa chuma umekuwa mwembamba kama bati, rangi haitasaidia. Kipande hicho kikatwe na kuwekwa kingine cha unene uleule. Fremu ya bomba la mraba ina hatari yake: huoza kutoka ndani. Kwa fremu mpya ya aina hiyo, toboa tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, mbali na viungo.

Ufa kwenye chuma

Hapa wengi hukosea. Kumwagia moto juu ya ufa na kusawazisha kwa grenda kunaufunika tu. Ufa unaendelea chini yake, na safari ya tatu au ya nne unafunguka tena.

Kazi inayodumu hufuata hatua hizi. Kwanza, tafuta mwisho halisi wa ufa na utoboe tundu la milimita 5 au 6 hapohapo. Tundu la mviringo huuzuia ufa kuendelea. Pili, ufa uchimbwe kwa grenda ili moto uingie hadi chini. Tatu, uchomelewe. Nne, kiongezwe kipande cha chuma cha kuimarisha, kirefu kuupita ufa pande zote mbili. Ncha zake zikatwe kwa mshazari, kwani ncha ya mraba huanzisha ufa mpya pale inapoishia.

Kama huna mashine na uzoefu, kazi yako ni kukagua, kusafisha na kupeleka. Mafundi wapo Katesh, Mbulu mjini, Haydom na Dongobesh. Ukifika, mwambie fundi mambo matatu: rodi za kuchomelea ziwe kavu, waya wa ethi ufungwe karibu na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na kuziharibu, na rangi iondolewe kwanza. Bomba jeupe la maji lina zinki, na moshi wake ukichomwa huleta homa na kukaza kifua. Watoto wasitazame mwanga ule, macho huungua.

Ukiharibikiwa porini, unaweza kufunga vipande viwili vya chuma pande zote za ufa kwa boliti nne. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani na mkokoteni mtupu, si ya kumalizia mavuno.

Usitengeneze, badilisha

Mti wa kuvutia wa mbao ulioza au kupasuka usifungwe kwa kamba, waya wala bati. Hukatika ghafla bila onyo, kama wetu ulivyokatika. Chagua mti ulionyooka, usio na fundo karibu na unapoungana na fremu. Ongeza mnyororo kutoka fremu hadi kwenye nira, uliolegea kidogo, ili mti ukikatika wanyama na mkokoteni wasitengane.

Ekseli yenye ufa nayo isichomelewe. Mikokoteni mingi ina ekseli za magari ya zamani, na chuma chake kigumu kikipata moto huwa rahisi kuvunjika kando ya pale palipochomelewa. Tafuta nyingine.

Breki na mzigo

Mkokoteni usio na breki hauna kazi kwenye miteremko ya Mbulu. Breki rahisi ni gogo linalolala mbele ya matairi yote mawili, likivutwa kwa mkono wa chuma ulio upande wa dereva. Kagua boliti zake kama ulivyokagua nyingine.

Panga magunia ili uzito uelemee mbele kidogo ya ekseli. Ukizidi nyuma, mti hunyanyuka na kuwakaba wanyama. Ukizidi sana mbele, unawalemea shingo. Magunia kumi ya kilo mia moja ni tani moja, na hapo ng'ombe wawili wenye afya wamefika mwisho. Punda wawili wapewe karibu nusu yake. Lumbesa huongeza uzito usiouhesabu, na fremu hulipa.

Baada ya matengenezo, safari ya kwanza ibebe nusu ya mzigo. Ukirudi, kaza nati zote upya, maana mbao mpya hujikaza na kuacha nafasi. Mwisho, funga viakisi mwanga nyuma na pembeni. Kwenye lami ya Babati, Katesh hadi Singida, dereva wa lori usiku hauoni mkokoteni wa mbao hadi ameukaribia mno.

Mwenye kutaka ramani ya mkokoteni mpya anaweza kuuliza CAMARTEC, Arusha, taasisi ya serikali inayoshughulika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini, au ofisi ya SIDO iliyo karibu naye. Kwa ule ulio nao, anza na bisibisi, na uanzie pale mti wa kuvutia unapoingia kwenye fremu.