Mahalia Jackson hakuwa sauti ya siku moja

Kila ikitajwa hotuba ya Martin Luther King pale Washington, Agosti 28, 1963, kuna kisa hakikosi kusimuliwa. Kwamba Mahalia Jackson, aliyekuwa ametoka kuimba muda mfupi kabla, alimpazia King sauti akimtaka awaambie watu habari za ile ndoto. King akaachana na karatasi yake. Yaliyofuata mnayajua.

Kisa kitamu, lakini mimi naona kimemdhulumu mama huyu. Kimemfanya mtu wa sentensi moja.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1911, mama yake akafariki yeye akiwa mdogo. Alihamia Chicago akiwa bado msichana, akafua nguo za watu huku akiimba makanisani. Mwaka 1947 santuri yake moja ya injili iliuzwa kwa wingi sana, na wafanyabiashara wakamtaka aimbe blues. Akakataa katakata. Kwenye pesa alikuwa mgumu kweli: alitaka taslimu mkononi, tena kabla ya kupanda jukwaani. (Ukiwajua mapromota, utamwelewa.)

Pesa hizo ndizo zilizomnunulia nyumba katika mtaa wa Wazungu, Chicago, katikati ya miaka ya 1950. Majirani hawakuja kumkaribisha. Alitishwa kwa simu, na madirisha yake yakapigwa risasi. Hebu fikiria: mwimbaji anayejaza kumbi za Ulaya, nyumbani kwake analindwa na polisi kwa sababu tu ni mweusi.

Wakati huohuo, Desemba 1956, alikwenda Montgomery, Alabama, kuwaimbia Weusi waliokuwa wamegomea mabasi ya ubaguzi kwa mwaka mzima. Yule mama wa taslimu hakudai malipo kwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Alilala kwa mchungaji Ralph Abernathy. Wiki chache baadaye, Januari 1957, nyumba hiyo ikalipuliwa kwa bomu.

Tangu hapo hakurudi nyuma. King alipozidiwa na mawazo alimpigia simu, naye akamwimbia humohumo kwenye simu.

Aprili 4, 1968, jioni, King akiwa kwenye roshani ya hoteli Memphis, alimwomba mwanamuziki mmoja ampigie “Precious Lord” usiku ule. Dakika chache baadaye akapigwa risasi. Siku ya mazishi, aliyeuimba wimbo huo alikuwa Mahalia.