Mtori: Kihamba Kizima Ndani ya Bakuli Moja

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imeshuka, na najua jioni jikoni kwako kuna sufuria ya supu mekoni. Leo tuweke pembeni habari za mbolea na dawa, tuzungumze kuhusu mtori. Usiondoke mapema, mwisho tutarudi shambani.

Mwezi uliopita nilipita kwa mama mmoja kumpa hongera, binti yake alikuwa amejifungua. Nikamkuta anarudi sokoni na kikapu cha ndizi mshare. Nikashangaa: "Mama, na kihamba chote hiki?" Akacheka kidogo, akasema, "Bwana shamba, mshare zilinyauka zote. Mzazi nampikia kwa ndizi za kununua." Maneno yale ndiyo yamenifanya niandike leo.

Ndizi ilikotoka

Mgomba si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia, na ulifika kwetu karne nyingi kabla ya Wareno kupita pwani yetu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ukakuta mvua, udongo wa volkano na watu wenye bidii. Wachaga wakachimba mifongo kushusha maji ya mlimani hadi mashambani. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchagani mwaka 1848 na kuuona mlima wenye theluji, alikuta nchi iliyokwisha kulimwa kwa ustadi.

Shamba hilo la nyumbani ndilo kihamba. Juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, na chini zaidi magimbi na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa bandani na kuletewa majani na vigogo vya migomba. Samadi inarudi kwenye mashina. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi, kiliingia kwenye orodha ya FAO ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa kipekee duniani.

Sasa tazama sufuria ya mtori: ndizi ni za kihamba, nyama na mifupa ni ya zizini, maziwa au siagi ni ya ng'ombe yuleyule. Bibi alipika bila kwenda dukani, chumvi tu ndiyo ilitoka mbali. Nyanya na pilipili hoho asili yake ni Amerika, na karoti nayo ilikuja baadaye. Mtori wa zamani ulikuwa mweupe, na utamu wake ulitoka kwenye mfupa na mafuta.

Chakula cha mzazi

Kwa desturi ya Uchagani, mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kwa muda mrefu, hata miezi mitatu. Hakulima wala kubeba mzigo. Alilishwa nyama, maziwa, mafuta na mtori mpaka nguvu zirudi. Hekima yake unaiona: ndizi inatia nguvu, nyama inasaidia kurudisha damu iliyopotea, na mchuzi mwingi unampa maji mama anayenyonyesha. Na kile kitendo chenyewe cha kuletewa bakuli la moto kitandani kilimwambia mama kwamba hayuko peke yake. Hata leo, mgonjwa au mzee asiye na meno ukimletea mtori anajua kuna mtu amemfikiria.

Namna ya kupika

Chemsha mifupa yenye nyama kwa chumvi na kitunguu, moto mdogo, mpaka nyama iachie. Paka mikono mafuta ili utomvu usigande, menya mshare mbichi na uzitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Zichemshe kwenye supu hadi zilainike kabisa. Toa mifupa, ponda ndizi kwa mwiko, kisha ongeza supu kidogo kidogo mpaka upate uzito unaoupenda. Rudisha nyama, malizia na siagi au maziwa. Ukipenda nyanya na karoti, weka, hakuna atakayekugombeza. Kamulia limao wakati wa kula, linausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula.

Kilichobadilika

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari walileta kahawa, nayo ikapandwa chini ya migomba. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa ilisomesha watoto wengi. Baada ya mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka. Vihamba navyo vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimekuwa vidogo. Ng'ombe wamepungua, samadi imepungua, na mgomba wenye njaa unadhoofika.

Juu ya hayo kuna mnyauko fuzari. Mshare huathirika sana na ugonjwa huu. Majani ya chini huanza kuwa ya njano, yanavunjika na kuning'inia kama sketi. Ukikata kigogo unaona mistari ya rangi ya kahawia au nyekundu ndani. Kuvu wake hukaa ardhini miaka mingi sana, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoutibu.

Kwa hiyo fanya haya:

- Usichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa, hata ukipewa bure na ndugu.
- Tafuta miche safi ya maabara, muulize afisa ugani wa kata yako.
- Safisha panga na jembe, toa udongo wote kabla ya kuingia shamba jingine.
- Shina lililougua usirudishie mshare mahali hapo. Panda aina nyingine inayostahimili, na mshare uzipande kwenye udongo ambao haujaugua.
- Rudisha samadi kwenye migomba, hata kama una mbuzi wawili tu.

Yule mama tumekubaliana atapanda mashina manne ya mshare upande wa juu wa nyumba, ambako ugonjwa haujafika. Nawe, hata kama eneo lako ni dogo, tenga nafasi ya mashina mawili matatu. Siku binti yako au mkweo atakapojifungua, ndizi za mtori wake zikatwe hapo nyuma ya nyumba.

Nakutakia upishi mwema. Tukutane shambani.