Bastola ya Luger: Nambari zikilingana, bei hupanda

Bastola ya Luger, iliyobuniwa na Georg Luger na kuidhinishwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka wa 1908, ilitumika katika Vita Vikuu vyote viwili vya Dunia. Leo husakwa mno na wakusanyaji wa silaha za kale.

Umri pekee hauipi thamani. Kiwandani, tarakimu za mwisho za nambari yake zilichapwa pia kwenye vipande vyake vidogo. Nyingi zilikabidhiwa askari pamoja na magazini mbili zenye nambari ileile, ya pili ikiwa na alama ya kujumlisha, mfuko wa ngozi na kifaa cha kuifungulia.

Seti kamili ni adimu. Vipande vilibadilishwa vitani, na nyingi zilizotekwa na Muungano wa Kisovieti ziliundwa upya kwa vipande mseto.

Hapo ndipo walaghai hupenyeza, wakichapa nambari upya au kughushi visanduku, kwa kuwa karatasi huigwa kwa urahisi kuliko chuma. Mnunuzi mwenye busara huikagua bastola kwanza, kisanduku baadaye.