Jengo la Mikono Mingi, Tuzo ya Jina Moja

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika ukuta wa kibla. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na yanamtaja sheikh aliyeamuru msikiti ujengwe. Waliovunja mawe hawamo. Waliochoma chokaa hawamo. Hata mchongaji, ambaye patasi ilikuwa mkononi mwake na nafasi ya kujitaja alikuwa nayo, hayumo. Hivyo ndivyo majengo mengi ya kale yalivyotufikia: jina la mwenye amri limesalia, na majina ya wenye kazi yamekwenda na wenyewe.

Karne ya 20 ilimbadili mwenye jina, lakini desturi haikuibadili. Pale alipokaa sultani au tajiri, akakaa msanifu majengo. Magazeti yakampiga picha amesimama peke yake mbele ya jengo, kana kwamba aliota ndoto usiku na kulipokucha nyumba ikawa imesimama. Tuzo nazo zikafuata mkondo huo. Tuzo ya Pritzker, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979 na ambayo ndiyo iliyopata kuwa mashuhuri kupita zote katika fani hiyo, kwa miaka mingi ilimtafuta bingwa mmoja wa kumvisha nishani.

Kisa kimoja chatosha kutuonyesha uzito wa jambo hili. Mjini Philadelphia palikuwa na ofisi ya Venturi, Rauch na Scott Brown. Denise Scott Brown alizaliwa mwaka 1931 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akalelewa Johannesburg. Alikuwa mke wa Robert Venturi na mshirika wake wa kazi. Mwaka 1972 wawili hao, pamoja na Steven Izenour, walitoa kitabu kuhusu mji wa Las Vegas kilichowatikisa wasanifu wa zama zao.

Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani ina tuzo inayotolewa kwa ofisi nzima, kwa sharti kwamba watu wake wamefanya kazi njema kwa ushirikiano kwa muda usiopungua miaka kumi. Mwaka 1985 tuzo hiyo ilikwenda kwa ofisi ya Venturi, Rauch na Scott Brown. Miaka sita baadaye, mwaka 1991, Pritzker ikampa tuzo Robert Venturi peke yake. Bibi Scott Brown hakuhudhuria hafla. Alikuwa amekwisha kuyaona hayo zamani: mwaka 1975 aliandika makala kuhusu namna fani yake inavyomtukuza nyota mmoja na kumsahau mwanamke aliye pembeni yake, na makala hayo akayaweka hadi mwaka 1989 ndipo yakachapishwa.

Mwaka 2013 wanawake wawili waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha Harvard waliandika ombi kwamba jina lake liongezwe katika tuzo ile ya 1991. Maelfu ya watu walitia sahihi, na Venturi mwenyewe akiwa miongoni mwao. Jibu likaja kwamba jopo la waamuzi wa leo haliwezi kufungua upya uamuzi wa jopo lililotangulia. Mwaka huo huo Taasisi ya Wasanifu Majengo ikabadili kanuni za Medali yake ya Dhahabu, ili watu wawili waliofanya kazi pamoja waweze kuipokea. Mwaka 2016 wakaipokea Venturi na Scott Brown, wawili wa kwanza kupewa kwa pamoja.

Tuangalie vyema kilichobadilika hapo. Kazi ni zile zile, na watu ni wale wale. Lililotofautiana ni swali. Tuzo ya 1985 iliuliza, “Ni kina nani waliofanya?” Ile ya 1991 iliuliza, “Ni nani aliyefanya?” Haki ya tuzo huamuliwa mapema, katika kijisanduku cha fomu, kabla waamuzi hawajaketi.

Ipo tuzo iliyouliza vingine tangu mwanzo. Mwaka 1977 Aga Khan wa Nne, aliyefariki mwaka 2025, alianzisha tuzo ya usanifu majengo inayotolewa kila baada ya miaka mitatu, na ambayo fedha zake leo ni dola 1,000,000. Miradi hupendekezwa, wenye kazi hutakiwa kuleta nyaraka, kisha wakaguzi hutumwa kuliona jengo lenyewe na kuzungumza na wanaolitumia. Fauka ya hayo, waamuzi wana ruhusa ya kuigawa zawadi baina ya msanifu, mafundi, mwenye mradi na taasisi zilizochangia.

Matunda ya swali hilo yalionekana mapema. Mwaka 1983 tuzo ilikwenda kwa Msikiti Mkuu wa Niono, nchini Mali, na jina lililotangazwa lilikuwa la mwashi, Lassiné Minta. Mwaka 1986 ikawa zamu ya Msikiti wa Yaama, nchini Niger, kazi ya mwashi Falké Barmou. Wote wawili walijenga kwa udongo na kwa ujuzi waliourithi. Mwaka 2004 ilitunukiwa shule ya msingi ya Gando, nchini Burkina Faso, iliyosanifiwa na Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, na kujengwa na wanakijiji wenyewe: watoto walileta mawe, wanawake wakachota maji. Kéré alipopata Pritzker mwaka 2022, ulimwengu ulikuwa umekwisha kuizoea habari ya kijiji kile.

Nasi hatukuwa mbali na mjadala huo. Oktoba 1988 tuzo hiyo iliitisha hapa Zanzibar semina ya kimataifa kuhusu usanifu wa makazi, kwa kushirikiana na vyama vya wasanifu majengo vya Afrika na Tanzania. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2000, Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Lakini nyumba za mawe, chokaa na boriti hazisimami kwa kuorodheshwa. Husimama kwa fundi ajuaye chokaa ikae muda gani kabla ya kutumika. Asiyetajwa hatafutwi, na asiyetafutwa hana wa kumrithisha.

Wapenzi wa mashairi wanalielewa hili. Tungo za Muyaka wa Mombasa zisingetufikia lau si Mwalimu Sikujua aliyezikusanya na Taylor aliyeziandika, hata Hichens akazichapisha mwaka 1940. Muyaka hapungui kitu Sikujua anapotajwa. Ushairi ni wa Muyaka, na kusalia kwake ni kazi ya Sikujua.

Wapo wanaohofu kwamba majina yakiwa mengi, dhamana hupotea: ukuta ukianguka, nani aulizwe? Hofu hiyo ina maana, na dawa yake ni kutaja jina pamoja na kazi ya mwenyewe. Fulani alichora, fulani alipima, fulani alipanga mawe, fulani alichonga mlango. Hapo sifa na lawama hufuata njia moja.

Basi anayeandaa maombi ya tuzo ya ushirikiano, na aanze kuorodhesha siku ya kwanza ya msingi, si siku ya mwisho ya kupokea fomu. Siku hiyo ya mwisho seremala amekwisha kuhamia kazi nyingine na mchanganya chokaa hajulikani anakaa wapi. Msanifu atashika kalamu na kuandika jina analolikumbuka upesi kuliko yote, nalo litakuwa lake.