Mashindano ya redio ya ridhaa: namna ya kuanza ukiwa kijijini

Kila mwaka, katika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, maelfu ya watu duniani hukaa mbele ya mitambo yao ya redio na kuitana kutoka nchi hadi nchi kwa saa 48. Hayo ni mashindano ya CQ World Wide, mojawapo ya mashindano makubwa zaidi ya redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa si utangazaji kama huu wetu. Ni mawasiliano ya mtu na mtu, ya kujifunza na kujifurahisha, bila biashara.

Wenye leseni ya redio hiyo Afrika Mashariki ni wachache. Katika mashindano haya, uchache huo ni mtaji. Hapa tunaeleza kwa nini, na namna ya kuanza.

Yanachezwaje?

Kila kituo kina kitambulisho chake cha hewani. Vya Kenya huanza na 5Z, vya Tanzania 5H, vya Uganda 5X. Mshiriki huita, mwingine hujibu kwa kutaja kitambulisho chake, kisha hupeana tarakimu mbili: jinsi wanavyosikika, ambayo kwa kawaida ni 59, na namba ya kanda. Dunia imegawanywa katika kanda 40. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika kanda ya 37. Mazungumzo yote huchukua sekunde chache tu, kwa Kiingereza chepesi. Herufi hutajwa kwa maneno ya kimataifa: Alfa kwa A, Bravo kwa B, Zulu kwa Z.

Kwa saa za Afrika Mashariki, kipenga hulia saa 9:00 usiku wa kuamkia Jumamosi na mchezo huisha saa 8:59 usiku wa kuamkia Jumatatu. Duru ya Oktoba ni ya sauti. Ya Novemba ni ya Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu.

Pointi huhesabiwaje?

Ukiwa Kenya, kituo cha bara lingine hukupa pointi 3. Cha nchi nyingine ya Afrika hukupa 1. Cha Kenya mwenzako hakikupi kitu. Kisha jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizopata katika kila bendi.

Tuchukue mfano wa bendi moja. Umewasiliana na Italia, Japani, Brazili na Tanzania: pointi 3, 3, 3 na 1, jumla 10. Hizo ni nchi 4 katika kanda 4 tofauti, kwa hiyo kizidishi ni 8. Matokeo ni 80. Sasa ukiongea na Mkenya mwenzako, pointi zinabaki 10, lakini Kenya inaongezeka kama nchi ya tano. Kizidishi kinakuwa 9, matokeo 90.

Ndiyo maana vituo vya Ulaya, Asia na Marekani huwatafuta Waafrika Mashariki. Wajerumani wako wengi hewani. Kanda ya 37 ni adimu. Kituo kidogo cha kwetu kikiita, wakubwa hupanga foleni.

Anza kwa kusikiliza

Si lazima ununue chochote. Kwa simu yenye intaneti unaweza kufungua mtambo wa kusikilizia wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na kusikia kile antena yao inachosikia. Kumbuka kwamba utatumia bando. Redio ya masafa mafupi pia inafaa, mradi iwe na SSB. Isiyo na SSB itakuletea sauti kama ya bata.

Mchana tafuta bendi za mita 20, 15 na 10, kwa mfano kuanzia megahezi 14.15 hadi 14.35. Usiku hamia mita 40, karibu na megahezi 7.1. Chukua daftari, andika saa, bendi na kila kitambulisho unachosikia. Ukiweza kuvinasa bila kuomba virudiwe, umeshapata nusu ya kazi.

Leseni kwanza

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa kisheria. Kenya, ulizia Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania, TCRA, Uganda, UCC. Ukisubiri leseni, mtafute mwenye nayo na umwombe ukae kando yake umsaidie kuandika daftari. Huko ndiko wengi hujifunzia.

Vifaa

Mtambo wa wati 100 unatosha, na ndio ukomo wa kundi la nguvu ndogo. Lipo hata kundi la wati 5. Mtambo wa wati 100 hutumia umeme wa volti 12, kwa hiyo betri kubwa inayochajiwa na sola inaweza kuuendesha, ingawa ukirusha unaweza kuvuta hadi ampea 20 hivi.

Antena ya bendi ya mita 20 ni waya wa takriban mita 10 uliokatwa katikati, kebo ikiungwa pale kati, na ncha zikiinuliwa juu ya miti. Hapo mwanakijiji ana nafasi kuliko mtu wa mjini, na husumbuliwa kidogo na makelele ya chaja, taa na televisheni za majirani. Usiuvute waya karibu na nyaya za umeme, na uchomoe kebo kabla mvua ya radi haijafika.

Usahihi hushinda kasi

Baada ya mchezo, kila mshiriki hutuma daftari lake kwa intaneti ndani ya siku 5, na kompyuta huyalinganisha yote. Ukikosea herufi moja ya kitambulisho, unapoteza mawasiliano hayo na kukatwa pointi zaidi. Usiandike ulichokisia. Omba kirudiwe, hata kama foleni ni ndefu: anayekuita anaihitaji kanda ya 37, atasubiri.